Weka neno "jana": namna ya kukinasa kitenzi kilichopotea kwenye sentensi ya Kiingereza

Kijana aliingia dukani kwangu saa nne asubuhi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Duka lenyewe ni steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga: mashine moja ya kutoa kopi, kompyuta mbili na feni linalokohoa. Kabla ya biashara hii nilifundisha Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili kwa miaka 19, ndiyo maana vijana wa mtaani bado wananiamkia "Shikamoo Madam" hata wakija kununua kalamu. Huyu alitaka nimchapie barua ya kuomba kazi ya kutunza stoo. Nikaikunjua, nikasoma:

"The above heading concerned. I a young man of 24 years. I hardworking and ready to work anywhere. My certificates attached. Hoping to hear from you."

Sentensi tano, na hakuna hata moja iliyosimama kwa miguu yake. Nilipozichapa kama zilivyo, kompyuta haikuchora mstari mwekundu popote, maana maneno yote yameandikwa sawa, herufi kwa herufi. Kosa haliko kwenye maneno yaliyopo. Liko kwenye neno ambalo halipo, na hilo ndilo kosa gumu kuliko yote kuliona kwenye kazi yako mwenyewe. Tahajia mbaya inakukodolea macho. Kitenzi kilichokosekana hakiachi hata kivuli.

Nilimwambia akae kwenye benchi, tukaanza. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomwonyesha siku ile, pamoja na mengine niliyokuwa nikiyaandika ubaoni miaka yote ile.

Kwanza, hujakosea kwa uzembe

Nenda pale soko la Mgandini usikilize watu wanavyouziana nyanya.

"Hizi bei gani?"
"Fungu mia tano."
"Mbona ghali hivyo?"
"Mvua, mama."

Hakuna kitenzi hata kimoja hapo, na nyanya zimenunuliwa, mtu kaenda zake. Tunaulizana "Jina lako nani?" na "Saa ngapi?" bila kitenzi. Tunasema "Baba mgonjwa", "Mimi mzima", "Chai tayari". Methali zetu nazo: "Akili nywele, kila mtu ana zake." Akili nywele! Wala hakuna aliyewahi kuuliza kitenzi kiko wapi. Waliosoma madrasa wanajua kwamba hata Kiarabu ndivyo kilivyo: "Allahu Akbar" ni sentensi kamili ya maneno mawili, na kitenzi hakimo.

Shuleni tulifundishwa kwamba "ni" ni kitenzi kishirikishi kipungufu. Kipungufu kwa sababu hakibebi wakati: huwezi kusema "alini" wala "atani". Neno jepesi namna hiyo tunalidondosha njiani bila kujua. Kiingereza hakina upungufu huo. Hapo mahali pa "ni" kinaweka "am", "is" au "are", na kila kimoja kimebeba wakati mgongoni. Ukikidondosha, sentensi nzima inadondoka nacho.

Kuna na sababu ya pili. Kitenzi chetu ni kama treni: "anasoma" ni neno moja, lakini ndani yake mna mtendaji, wakati na tendo. Kiingereza kimeyakata mabehewa hayo na kuyatawanya, "she" peke yake, "is" peke yake, "reading" peke yake. Mwanafunzi anapohamisha "anasoma" anahakikisha mtu amepanda, anahakikisha tendo limepanda, kisha anaondoka. Behewa la katikati linabaki stesheni. Ndipo unapata "She reading".

Sasa lete "jana"

Njia ninayoiamini kuliko zote ni hii. Sentensi yako ya Kiingereza ukiitilia shaka, irudishe kwenye Kiswahili, halafu uipeleke jana. Usibadilishe kitu kingine. Kitenzi kilichokuwa kimejificha kitatoka chenyewe.

"Baba mgonjwa." Jana? "Jana baba alikuwa mgonjwa." Umeona? Hilo "alikuwa" leo halikuonekana, lakini muda wote lilikuwepo chini ya jamvi. Sasa Kiingereza cha jana kinakuja bila kusukumwa, kwa sababu hata watu wanaoandika "Father sick" huwa hawakosei "Father was sick". Ukishakuwa na "was", rudi leo: "was" inageuka "is". "Father is sick."

Jaribu nyingine. "Juma yuko sokoni" wengi huandika "Juma at the market". Jana Juma alikuwa sokoni. "Juma was at the market." Leo: "Juma is at the market."

"Kuna watu wengi" huandikwa "There many people". Jana kulikuwa na watu wengi. "There were many people", kwa hiyo leo "There are many people".

"Mvua inanyesha." Jana saa hizi mvua ilikuwa inanyesha. Ukishalipata "was" unajua leo pana "is": "It is raining." Hiyo "it" mwanzoni usiitafutie maana. Waingereza wanataka pawe na mtu mlangoni hata kama nyumbani hamna mtu.

Kurudi leo ni kazi rahisi. "Was" ya mimi inakuwa "am". "Was" ya mwingine mmoja inakuwa "is". "Were" inakuwa "are". Ukipata "had", leo yake ni "have", au "has" kama ni mtu mmoja au kitu kimoja unachokizungumzia pembeni, si mimi wala wewe.

Kijana wangu alikuwa na "I hardworking". Nikamuuliza, ukiipeleka jana? Akasema, "Nilikuwa mchapakazi." Kwa Kiingereza? "I was hardworking." Halafu akacheka mwenyewe, akaiweka "am" kabla sijafungua mdomo.

Mahali penye mtego mkubwa: nimechoka, imefungwa, imejaa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili linawashika hata watu wenye shahada.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kueleza hali: nimechoka, nimeshiba, nimechelewa, amekasirika, amelewa, chupa imejaa. Kwetu hivyo ni vitenzi halisi, tena vyenye -me- ya kujivunia. Mwanafunzi anajua ametia kitenzi, dhamiri yake safi. Lakini Kiingereza hali hizo kinazieleza kwa sifa: "tired", "full", "late", "angry", "drunk". Sifa haisimami bila kitenzi. Kwa hiyo "I tired", "I late" na "The bottle full" zimetoka kwa mtu aliyetafsiri kitenzi kwa uaminifu, kikamyeyukia mkononi.

"Jana" inamwokoa. "Jana nilikuwa nimechoka." Umesikia "nilikuwa"? Basi "I was tired", na leo "I am tired". "Nilikuwa nimechelewa": "I was late", leo "I am late".

Hatari zaidi ni pale sentensi iliyokosa kitenzi inapojifanya kamili. Wiki chache zilizopita mama mmoja alikuja na tangazo la kubandika mlangoni mwa ofisi yake ya vikoba: "The office closed." Alitaka kusema ofisi imefungwa, watu wasigonge. Alichoandika ni kwamba ofisi ilifungwa, tukio la wakati uliopita, kana kwamba kikundi kimekufa na hisa za watu zimekwenda nacho. Kati ya "The office closed" na "The office is closed" pana neno moja la herufi mbili, na nusu ya wanachama wangeshikwa na presha. Ukiipeleka jana unapata "ofisi ilikuwa imefungwa", "The office was closed", na leo "is closed".

Ndivyo ilivyokuwa kwa "My certificates attached" ya kijana wangu. Ukiisoma kwa ukali, inasema vyeti vyangu viliambatanisha. Viliambatanisha nini, haijulikani. Alitaka "vimeambatanishwa": "My certificates are attached." Kila mara unapokuwa na neno la Kiswahili linaloishia na -wa ya kutendwa, imeandikwa, imelipwa, imetumwa, jiulize kama umeiweka "is", "are", "was", "were" au "been" mbele ya tafsiri yake. Mara nyingi utakuta hukuiweka.

Tofautisha hizi na -me- ya tendo lililokamilika. "Amefika" ukiipeleka jana inakuwa "alikuwa amefika", na Kiingereza chake ni "He had arrived". Leo basi ni "He has arrived". Hapo msaidizi ni "has", si "is". Kipimo changu ni kuuliza kama neno linaeleza mtu alivyo sasa au jambo alilolitenda. Kuchoka ni alivyo. Kufika ni alichofanya.

Na hizo za "nina"

"Nina gari" ikienda jana ni "nilikuwa na gari", "I had a car", kwa hiyo leo "I have a car". Sawa kabisa. Lakini "nina njaa" haiendi hivyo. Waingereza hawasemi wana njaa, wao husema wako katika hali ya njaa, kama tunavyokuwa wagonjwa: "I am hungry." Wanafunzi wangu walikuwa wakiniandikia "I hungry" au "I have hungry", na zote mbili zinaumiza. Haya ni machache, yakariri tu: njaa, kiu, usingizi, haraka, hofu na umri. "I am thirsty", "I am sleepy", "I am in a hurry", "I am afraid". Na "nina miaka 24" ni "I am 24 years old".

Dawa isizidi kipimo

Nilipoanza kufundisha nilifanya kosa ambalo wenzangu wengi wanalijua. Niliwaambia watoto: mkikosa kitenzi, wekeni "is". Wiki iliyofuata nikavuna "I am agree", "He is works at the port", "I am come from Pangani". Walikuwa wamemwaga "is" kama chumvi kwenye mchuzi wa msiba.

"Anafanya kazi bandarini" ina njia mbili tu za kwenda. Kama unasema anachofanya sasa hivi, ni "He is working at the port". Kama unasema ndiyo kazi yake, ni "He works at the port". Ama "is" pamoja na -ing, ama -s peke yake. Ukiwa na vyote, umezidisha. Ukiwa na "He working", umepunguza. Na vitenzi vya moyoni na kichwani, kama kujua, kupenda, kuamini, kukubali, havitaki msaidizi leo: "I know", "I like", "I believe", "I agree". Hapa "jana" itakudanganya, maana tunasema "nilikuwa ninajua", kwa hiyo vitenzi hivyo usivipeleke kokote.

"Jana" haisaidii pia kwenye kukana. "Sijui" inatoka "I not know" kwa sababu "si" yetu imefanya kazi yote ndani ya neno moja. Kiingereza kinahitaji kibarua wa kushikilia "not", naye ni "do", "does" au "did": "I do not know", "She did not come". Maswali ni vilevile. "Unapenda chai?" ni "Do you like tea?", na "Unaenda wapi?" ni "Where are you going?", si "Where you going?" japo kwenye filamu utaisikia.

Nikiwa hapohapo kwenye kusikia: Waingereza wakiongea, "I am" inabanwa inakuwa "I'm", na masikioni mwetu inabaki "am" tu. Ndiyo asili ya zile meseji za "Am fine" na "Am at home". Hiyo ni ajabu nyingine, kitenzi kimepona lakini mtendaji amezama. Kwenye barua usiiandike.

Sentensi ndefu: funika kwa kidole

Sentensi ikirefuka, kurudi kwenye Kiswahili kunachosha. Hapo tumia kidole. Tazama hii:

"The goods which we ordered from Dar es Salaam last month."

Ina "ordered" ndani, kwa hiyo inaonekana ina kitenzi. Weka kidole kuanzia "which" mpaka mwisho. Kilichobaki ni "The goods". Bidhaa zimefanya nini? Zimefika? Zimeoza? Msomaji amesimama mlangoni anasubiri. "Ordered" ni kitenzi cha hicho kipande cha "which", si cha sentensi. Malizia: "The goods which we ordered from Dar es Salaam last month have not arrived."

Na hii: "The man repairing the photocopier my brother." Kipimo chake ni kubadilisha wakati hapohapo kwenye Kiingereza. Sema uipeleke mwaka jana: neno gani litabadilika? "Repairing" haibadiliki, itabaki "repairing" mpaka kiama. Kama hakuna neno linalobadilika, hakuna kitenzi. Tia "is" kabla ya "my brother". Neno lenye -ing, likiwa peke yake, halihesabiki kamwe, na neno lenye "to" mbele yake halihesabiki pia. Ndiyo maana "Hoping to hear from you" haisimami, ingawa ina maneno mawili yenye sura ya kitenzi. Ipe mtendaji na wakati: "I hope to hear from you."

Angalia sana "because". "Because the rain" si sentensi wala si nusu ya sentensi. Ama "because of the rain", ama "because it was raining".

Ambako hutakiwi kugusa

Vichwa vya habari vya magazeti vinaacha vitenzi makusudi, kuokoa nafasi. Mabango pia: "No parking", "Room for rent". Kwenye wasifu wako wa kazi, mistari mifupi kama "Storekeeper, two years" inaruhusiwa. Kichwa cha barua, kile cha "RE: APPLICATION FOR EMPLOYMENT", hakina kitenzi na kisiwekewe. "Yours faithfully" iache na amani yake. Usijifunze kuandika aya kutoka kwenye kichwa cha gazeti, basi.

Na "The above heading concerned"? Hiyo ni "Kichwa cha habari hapo juu chahusika" iliyovishwa suti. Ningeweza kuitia "is", ikawa na kitenzi, na bado Mwingereza asiielewe. Kwa hiyo sikuitengeneza, niliikata. Kichwa cha habari kipo hapo juu, msomaji ana macho.

Barua ilitoka hivi:

"I am writing to apply for the position of storekeeper. I am 24 years old, hardworking and ready to work anywhere. My certificates are attached. I hope to hear from you."

Fupi, ndiyo. Tuliongeza aya moja kuhusu duka la mjomba wake alikokuwa akihesabu mzigo, ambayo aliiandika mwenyewe kwa kalamu pale kwenye benchi huku akinong'ona "jana... jana..." kama mtu anayesoma uradi. Kulikuwa na "is" moja ya ziada ndani yake. Nikampa kalamu nyekundu aitafute, akaipata.

Siku tisa baadaye simu yangu ikaingia ujumbe: "Madam, I called for interview on Monday."

Nikamjibu: Umepiga simu au umeitwa?

Zikapita kama dakika mbili. Kisha ukaja mwingine: "I was called."